Boksi lisilo na mfuniko: Hesabu ya bati, mbao na turubai kabla ya kumlipa fundi

Mfanyabiashara wa samaki anayeagiza maboksi 10 ya bati yasiyo na mfuniko, kila moja likiwa na urefu wa takriban futi 3, upana wa futi 2 na kina cha futi 1, anaweza kuambiwa na fundi mmoja anunue mabati 10 na fundi wa pili amwambie anunue 5. Kila mmoja wao anaweza kuwa na hesabu sahihi. Tofauti yao inatokana na jinsi bati linavyochorwa kabla ya mkasi kupita, wala si ukubwa wa boksi.

Kwa wafanyabiashara wa gombolola (kata) ya Buteba, iliyo katika Wilaya ya Busia nchini Uganda upande wa kuelekea Tororo, vyombo vya namna hii ni gharama ya kila msimu. Samaki, nyanya, mahindi na maharage huvuka mpaka wa Busia na Malaba vikiwa ndani ya maboksi, makasha, madebe na magunia. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Yoweri Museveni wa Uganda na Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya, kilikusudiwa kupunguza muda wa kungoja kwenye forodha. Hata hivyo, gharama ya chombo cha kubebea bidhaa hubaki mfukoni mwa mfanyabiashara mwenyewe, na nyingi kati ya gharama hizo huamuliwa na hesabu ya dakika kumi ambayo wengi humwachia fundi.

Makala haya yanaeleza hesabu hiyo hatua kwa hatua.

BOKSI LIKIKUNJULIWA

Boksi la mstatili lisilo na mfuniko lina nyuso 5: kitako kimoja, mbavu mbili ndefu na mbavu mbili fupi. Njia rahisi ya kuziona zote kwa pamoja ni kuchukua boksi tupu la viatu, kuondoa mfuniko, kupasua kona nne kutoka juu hadi kwenye kitako, kisha kulilaza boksi chini. Kinachopatikana ni umbo mfano wa msalaba: kitako katikati na mbavu nne zikiwa zimelala pande zote nne. Mchoro huo wa boksi lililokunjuliwa unaitwa mkunjuo katika makala haya.

Msalaba si mkunjuo pekee. Boksi hilo hilo likipasuliwa kwenye kingo nyingine hutoa umbo tofauti. Boksi lisilo na mfuniko ambalo pande zake zote ni sawa lina mikunjuo 8 tofauti ya kipande kimoja, na mingine mingi zaidi ikiwa fundi anakubali kutumia vipande viwili au vitatu. Mfano unaojulikana kila sokoni ni debe la mraba. Mwili wa debe lenye upande wa sentimita 24 na kimo cha sentimita 35 unaweza kutoka kwenye ukanda mmoja wa sentimita 96 kwa 35 uliozungushwa, halafu kitako cha sentimita 24 kwa 24 kikaunganishwa chini.

Eneo la mikunjuo yote ya boksi moja ni lile lile. Kinachobadilika ni jinsi mkunjuo unavyokaa juu ya bati linalouzwa dukani.

KANUNI YA ENEO

Kwa kuwa mkunjuo ni mistatili mitano iliyolazwa, eneo la boksi ni jumla ya maeneo ya mistatili hiyo:

Eneo = (urefu × upana) + 2 × kina × (urefu + upana)

Kwa boksi la futi 3 kwa 2 kwa 1, hesabu ni hii:

- Kitako: 3 × 2 = futi za mraba 6
- Mbavu ndefu mbili: 2 × 3 × 1 = futi za mraba 6
- Mbavu fupi mbili: 2 × 2 × 1 = futi za mraba 4
- Jumla: futi za mraba 16

Bati tambarare la kawaida, yaani lisilo la mawimbi, lina futi 8 kwa 4, sawa na futi za mraba 32 au takriban mita za mraba 2.97. Ukigawanya 32 kwa 16 unapata 2. Kwa hesabu ya eneo peke yake, kila bati linatoa maboksi mawili, na maboksi 10 yanahitaji mabati 5.

Hapo ndipo wengi huishia. Lakini jibu hilo linasema tu kwamba bati linatosha kwa ujumla wake. Halisemi kama litatosha likikatwa.

BATI MOJA, MABOKSI MANGAPI?

Njia ya kwanza ni msalaba. Msalaba wa boksi hili unahitaji nafasi ya futi 5 kwa 4, kwa sababu kina huongezwa mara mbili kwenye urefu (3 + 1 + 1) na mara mbili kwenye upana (2 + 1 + 1). Ukiuchora kwenye bati la futi 8 kwa 4, kunabaki kipande cha futi 3 kwa 4. Msalaba wa pili hauingii hapo. Kwa njia hii kila bati linatoa boksi moja, na maboksi 10 yanahitaji mabati 10.

Njia ya pili inaweza kuitwa mfereji. Kitako na mbavu mbili ndefu hukatwa kama kipande kimoja cha futi 3 kwa 4, kisha hukunjwa mara mbili kikawa mfano wa mfereji. Mbavu fupi mbili, kila moja futi 2 kwa 1, hukatwa peke yake na kuunganishwa mwisho wa mfereji. Kwenye bati la futi 8 vinaingia vipande viwili vya futi 3, na futi 2 zinazobaki zinatoa mbavu fupi nne kamili. Bati moja, maboksi mawili. Maboksi 10, mabati 5.

Boksi ni lile lile na eneo ni lile lile, lakini idadi ya mabati ni nusu. Hivyo basi, eneo humwambia mfanyabiashara kiwango ambacho hawezi kushuka chini yake; mkunjuo ndio humwambia atakacholipa dukani.

AKIBA YA PINDO

Hesabu zilizo hapo juu hazijaacha nafasi ya maungio. Boksi la bati halisimami bila pindo: ukingo wa juu hukunjwa usimkate mbebaji, na mbavu fupi huhitaji mdomo wa kushikana na mwili. Tuchukulie kwamba fundi anatumia nusu inchi kila mahali. Vipimo sasa viwekwe vyote kwa inchi: bati ni inchi 96 kwa 48.

Kwa njia ya mfereji, inchi 48 za upana wa bati lazima zitoe kitako, mbavu mbili na mapindo mawili ya juu, yaani inchi 23 + 12 + 12 + 1 = 48. Upana wa boksi umeshuka kutoka inchi 24 hadi 23. Ubavu mfupi mmoja unakatwa inchi 24 kwa 13, na vinne vinachukua inchi 26 za urefu wa bati. Zinabaki inchi 70, yaani inchi 35 kwa kila boksi.

Matokeo yake ni maboksi mawili ya inchi 35 kwa 23 kwa 12 kutoka kwenye bati moja, bila hata kipande cha kutupa. Mfanyabiashara amepoteza inchi moja ya urefu na inchi moja ya upana, na boksi linabeba pungufu ya takriban asilimia 7 kulinganisha na la futi 3 kwa 2 kwa 1. Akisisitiza apate futi 3 kamili, bati la pili linaingia kwenye hesabu. Inchi moja ndiyo inayotenganisha gharama ya mabati 5 na zaidi ya 5.

Msalaba nao haukwepi pindo. Inchi 48 za bati hazitoshi upana wa 24, mbavu mbili za 12 na mapindo. Kwa hiyo boksi la msalaba nalo hushuka hadi upana wa inchi 23, ingawa urefu wake unabaki inchi 36.

VIPANDE VINAVYOBAKI NI MALI YA NANI?

Msalaba mmoja wenye pindo huchukua inchi 61 za urefu wa bati. Kinachobaki ni kipande cha inchi 35 kwa 48, zaidi ya theluthi moja ya bati lililonunuliwa. Kipande hicho ni mwili kamili wa boksi la njia ya mfereji. Vilevile, kipande kimoja cha namna hiyo hutoa mbavu fupi nne. Maana yake ni kwamba vipande vitatu vilivyobaki hutoa maboksi mawili mazima.

Mfanyabiashara aliyenunua mabati 10 na kupokea maboksi 10 ya msalaba ana vipande 10 vya aina hiyo. Tisa kati yake ni maboksi mengine 6. Akiondoka bila kuviulizia, ameacha karakana ya fundi na bidhaa aliyokwisha kuilipia.

Kuna njia ya kati. Mabati 6 hutoa maboksi 6 ya msalaba, na vipande 6 vinavyobaki hutoa maboksi 4 ya mfereji. Jumla ni maboksi 10 kutoka kwenye mabati 6. Kwa anayebeba bidhaa mbichi na kavu kwa pamoja, mpango huo huenda ndio unaofaa zaidi, kwa sababu inayofuata.

NAFUU NA KUVUJA

Mkunjuo unaookoa bati huongeza maungio. Boksi la msalaba lina maungio kwenye kona nne tu za kusimama, kila moja inchi 12, jumla inchi 48. Kitako chake hakina ungio lolote. Boksi la mfereji lina maungio yanayozunguka mbavu fupi zote mbili, zikiwemo kingo za kitako, jumla inchi 94. Hiyo ni karibu mara mbili ya kazi ya kulehemu au kupiga ribiti, na karibu mara mbili ya mahali panapoweza kuvuja.

Fundi pia anaweza kuacha kukata kona za msalaba na kuzikunja ubavuni kama bahasha. Boksi la namna hiyo hushika maji bila kulehemu, ila hutumia bati zaidi: mstatili mzima wa futi 5 kwa 4, yaani futi za mraba 20 badala ya 16.

Kwa dagaa wakavu, maharage au mahindi, mfereji unatosha. Kwa samaki wabichi waliowekewa barafu, msalaba ni salama zaidi: maji ya barafu yanapaswa kutoka kwenye tundu lililokusudiwa, yasipenye kwenye kona na kulowesha mzigo wa mwenzako ulio chini.

TURUBAI LA LORI

Turubai la lori ni boksi lisilo na mfuniko lililopinduliwa kifudifudi. Kitako ndicho paa, na mbavu nne zinaning'inia kuzunguka mzigo. Kanuni haibadiliki.

Tuchukue lori la wazi lenye bodi ya futi 20 kwa 8, ambalo mzigo wake unahitaji kufunikwa futi 5 kutoka juu kwenda chini. Eneo ni:

- Paa: 20 × 8 = 160
- Mbavu ndefu: 2 × 20 × 5 = 200
- Mbele na nyuma: 2 × 8 × 5 = 80
- Jumla: futi za mraba 440

Mwenye lori akienda dukani na namba 440 tu, anaweza kuuziwa turubai la futi 22 kwa 20, ambalo ni futi za mraba 440 kamili. Likitandazwa, mbavu za pembeni zitafunikwa futi 6 kila upande, lakini mbele na nyuma zitapata futi 1 tu. Turubai linalofaa ni la futi 30 kwa 18, yaani (20 + 5 + 5) kwa (8 + 5 + 5). Hilo ni futi za mraba 540. Zile 100 za ziada ni kona nne za futi 5 kwa 5, ambazo kwa turubai hazikatwi bali hukunjwa na kufungwa kwa kamba.

Kwa msafirishaji, jambo hili halihusu mvua peke yake. Mzigo wa kupitisha nchi nyingine, ulio chini ya uangalizi wa forodha, unatakiwa ufungwe kwa namna ambayo mtu haufikii bila kukata lakiri. Turubai lisilofika chini nyuma ya lori huleta maswali njia nzima.

KASHA LA MBAO: NDANI SI NJE

Bati ni jembamba kiasi kwamba kipimo cha ndani na cha nje ni karibu sawa. Mbao si hivyo. Kasha la nyanya lenye nafasi ya ndani ya sentimita 50 kwa 38 na kina cha 30, likitengenezwa kwa mbao za unene wa sentimita 2, kwa nje lina sentimita 54 kwa 42 kwa 32.

Kwa kipimo cha ndani, eneo ni sentimita za mraba 7,180. Kwa kipimo cha nje ni 8,412. Mbao zinazokatwa hasa ziko katikati ya namba hizo. Kitako ni 54 kwa 42, mbavu ndefu zinazosimama juu yake ni 54 kwa 30, na mbavu fupi zinazoingia katikati ni 38 kwa 30. Jumla ni sentimita za mraba 7,788. Kama ubavu ni wa mbao zilizoachiwa mianya ya hewa, eneo la mianya hutolewa.

Kosa kubwa zaidi huonekana wakati wa kupakia. Bodi ya lori ya mita 6 kwa 2.4, ikihesabiwa kwa kipimo cha ndani, inaonekana kuchukua makasha 12 kwa 6, yaani 72 kwa safu moja ya chini. Kwa kipimo cha nje inachukua 11 kwa 5, yaani 55. Anayekodi lori kwa hesabu ya 72 atabakiwa na makasha 17 chini kwa kila safu, na nyanya hazingoji lori la pili.

UZITO WA CHOMBO KITUPU

Eneo likishajulikana, uzito hupatikana kwa urahisi. Chuma cha unene wa milimita 1 kina takriban kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Bati la milimita 0.4 lina kilo 3.14 kwa mita ya mraba. Boksi la mfereji hutumia nusu ya bati, mita za mraba 1.49, hivyo lina takriban kilo 4.7.

Boksi moja halimsumbui mtu. Maboksi 100 ni kilo 470, karibu nusu tani kabla ya samaki wa kwanza kuingia. Mizani ya barabarani hupima gari, vyombo na bidhaa pamoja, na hati za forodha hutenganisha uzito wa mzigo pamoja na chombo na uzito wa bidhaa peke yake. Mwenye kujua uzito wa boksi tupu hujaza namba hizo mbili bila kubahatisha.

BATI SAWA, UJAZO TOFAUTI

Eneo sawa halina maana ya ujazo sawa. Futi za mraba 16 za bati hutoa boksi la 3 kwa 2 kwa 1 lenye futi za ujazo 6. Bati hilo hilo likitengenezwa boksi jembamba la futi 4 kwa 1 lenye kina cha futi 1.2, ujazo ni 4.8 tu, pungufu kwa asilimia 20. Boksi lisilo na mfuniko linalobeba kingi zaidi kwa bati lile lile ni lenye kitako cha mraba na kina cha nusu ya upande wake. Kwa futi za mraba 16 lingebeba takriban futi za ujazo 6.16, kwa hiyo lile la 3 kwa 2 kwa 1 liko karibu kabisa na kilele.

Bila shaka umbo huamuliwa pia na njia ya kubeba. Boksi la nyuma ya bodaboda, chombo ambacho jina lake lenyewe linahusishwa na mpaka huu wa Busia, haliwezi kuwa pana kama la lori.

YA KUULIZA KABLA YA KUTOA MALIPO YA AWALI

1. Vipimo ni vya ndani au vya nje? Viandikwe kwenye karatasi, kwa kipimo kimoja. Inchi 35 si futi 3.5; ni futi 2 na inchi 11. Futi moja ya mraba ni inchi za mraba 144, si 12.

2. Kina kimeongezwa mara mbili kwenye urefu na mara mbili kwenye upana? Hapo ndipo turubai na bati hupelea.

3. Mkunjuo gani utatumika, na bati moja litatoa maboksi mangapi? Fundi achore mistatili juu ya karatasi yenye umbo la bati kabla ya kukata.

4. Pindo ni inchi ngapi, na limetolewa wapi?

5. Vipande vinavyobaki ni vya nani? Kama ni vya fundi, bei ya kazi ipungue kwa thamani yake. Bei ya bati ikigawanywa kwa 32 hutoa bei ya futi moja ya mraba, na kipande cha inchi 35 kwa 48 ni karibu futi za mraba 11.7.

6. Maungio ni ya inchi ngapi kwa boksi moja, na nani anabeba gharama likivuja?

Kwa oda kubwa, inafaa kutengeneza boksi moja kwanza, kulijaza maji, kulipima kwa mizani likiwa tupu na kulijaribu kwenye bodi ya gari litakalobeba mzigo. Likikubali yote matatu, mkunjuo wake uchorwe kwenye bati moja na utumike kama kielelezo cha mengine yote.